Kamba wa asali na soya juu ya wali wa Kyela, kwa jiko la Mbeya

Kamba wanakaa motoni dakika 3, sosi dakika 2, na kinachosubiriwa ni wali tu. Ukiwa na kamba waliokwisha kuyeyuka barafu, bakuli hili linakuwa mezani baada ya saa 1 hivi tangu uanze kuosha mchele: wali chini, kamba waliovikwa sosi ya asali, soya, tangawizi na kitunguu saumu juu, pembeni mboga zinazolia mdomoni na vipande vya parachichi. Chumvi na utamu vinakuja pamoja, na wali wa moto unapokea sosi yote inayoshuka.

Chakula hiki kikiharibika, karibu kila mara chanzo ni maji. Kuna maji ya barafu yaliyojificha ndani ya kamba, maji ya wali, na maji ya sosi. Ukiyatawala hayo, vingine vinajipanga. Nasisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi ya kupika kamba yanatoka kwa watu wa pwani, ambao kamba wao wametoka majini asubuhi na maji yao yanachemka kwenye nyuzi 100. Huku kamba wamesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam wakiwa wamegandishwa, na Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka kwa maji kinashuka kwa takriban nyuzi 1, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe yanachemka chini zaidi ya hapo, Iringa juu kidogo. Ni tofauti ndogo kwenye chai, lakini kwenye wali inaonekana.

Kuchagua kamba

Usiangalie bei kwanza, angalia barafu. Kamba wakigandishwa vizuri, kila mmoja anakuwa peke yake ndani ya pakiti, na ukiitikisa unawasikia wakigongana. Pakiti ikiwa tofali moja gumu, huku barafu nene imekusanyika upande wa chini, maana yake waliyeyuka njiani au umeme ulikatika dukani, maji yakashuka chini, kisha wakagandishwa upya. Kamba wa namna hiyo hawawi wazuri tena hata uwapike kwa ustadi gani. Barafu inayojiunda polepole inakuwa na chembe kubwa zinazopasua nyama, na ukiwaweka motoni wanatoa maji kama sifongo halafu wanabaki na unyuzinyuzi mkavu. Mabaka meupe makavu kwenye nyama ni dalili nyingine: wamekaa kwenye friza muda mrefu bila kufunikwa vizuri, baridi imewanyonya.

Vichwa vikiwa vimeanza kuwa vyeusi, hiyo ni kazi ya vimeng'enya vya kamba mwenyewe, si lazima kuwa wameoza, ila ni ishara kwamba siku zimekwenda. Pua ndiyo inayoamua. Kamba mzima ananukia bahari kidogo. Akitoa harufu kali ya kuchoma pua kama ya mkojo, mrudishe, na usidanganyike kwamba limau na tangawizi vitaifunika. Hazifuniki, na tumbo litakukumbusha.

Kuhusu uzito: kilo 1 ya kamba wenye vichwa na maganda inakupa karibu nusu kilo ya nyama. Wasio na vichwa lakini wenye maganda wanapoteza chini ya robo. Waliomenywa kabisa ni rahisi kwa haraka, lakini pakiti zao nyingi zina tabaka la barafu ambalo nalo lilipimwa pamoja na kamba, kwa hiyo pima tena baada ya kuyeyuka ujue una kiasi gani kwa kweli. Mimi napendelea wenye maganda, kwa sababu ganda limeilinda nyama njia nzima, na maganda yenyewe yana kazi nitakayoieleza. Ukubwa unaofaa ni ule wa kati, kamba anayelingana na kidole cha kati cha mtu mzima. Wadogo sana wanakauka kabla hawajapata rangi. Uduvi mkavu ni chakula kingine kabisa, usijaribu kuuweka hapa.

Kuyeyusha, kumenya, kukausha

Njia bora ni kuwahamishia kwenye friji usiku, wakiwa ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli ili maji yao yasiwaloweke. Njia ya haraka ni maji baridi ya bomba: waweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, zamisha, badilisha maji kila baada ya dakika 10. Miezi ya Juni na Julai maji ya Mbeya yana baridi ya kuuma vidole, kwa hiyo hesabu dakika 30 badala ya 15 au 20. Usitumie maji ya moto. Yanapika nje huku ndani kukiwa barafu, na hapo huwezi tena kuwakaanga sawasawa.

Menya, kisha pasua mgongo kidogo kwa ncha ya kisu na vuta ule uzi mweusi, ambao ni utumbo wake na mara nyingi una mchanga. Mkia unaweza kuuacha kwa sura, ila kwa bakuli la kuliwa kwa kijiko ni afadhali kuutoa. Hakuna anayependa kutema maganda katikati ya wali.

Sasa hatua ambayo watu wengi hawaijui. Kwa gramu 450 za kamba waliomenywa, nyunyiza robo kijiko cha chai cha bekingi soda na nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya kwa mkono, waache dakika 15 mahali pa baridi. Soda inapunguza uchachu kwenye nyama, protini zake hazijikunji kwa nguvu motoni, na maji yake yanabaki ndani. Kamba wanakuwa na ile hali ya kukatika kwa mlio unapouma. Kwa kamba waliogandishwa, hakuna kitu kingine kinachowasaidia kiasi hiki. Ni bekingi soda, si bekingi pauda, na si magadi ya kulainishia maharage. Magadi yana nguvu nyingi, kamba watakuwa na ladha ya sabuni. Ukizidisha hata soda yenyewe, matokeo ni hayohayo.

Baada ya hapo wakaushe. Watandaze juu ya kitambaa safi au karatasi za jikoni, funika kwa nyingine, kandamiza. Rudia mpaka kitambaa kisilowe tena. Kamba mwenye maji juu hakaangiki. Joto lote la kikaango linaisha kwenye kugeuza maji kuwa mvuke, na maji yanapokwisha kamba ameshaiva kupita kiasi akiwa bado mweupe.

Vipimo, kwa watu 3 wenye njaa au 4 wa kawaida

- Kamba waliomenywa, gramu 450
- Mchele wa Kyela, vikombe 2 vya mililita 250
- Sosi ya soya, vijiko 3 vya chakula
- Asali, vijiko 2 na nusu vya chakula
- Maji ya maganda ya kamba au maji ya kawaida, vijiko 4 vya chakula
- Kitunguu saumu, punje 4, zikatwe ndogondogo
- Tangawizi iliyokwanguliwa, kijiko 1 cha chakula kisichojaa
- Wanga mweupe wa mahindi, kijiko 1 cha chai
- Maji ya limau, kijiko 1 cha chakula
- Mafuta ya alizeti, vijiko 4 vya chakula
- Pilipili mbichi 1, vitunguu majani, ufuta
- Karoti 1, hoho 1, tango 1, chainizi fungu dogo, parachichi 1

Wanga ninaousema ni ule laini unaouzwa kwenye pakiti, upande wa vitu vya keki. Sembe haifai. Inaacha chengachenga na sosi inakuwa na ukungu kama uji, haingʼai.

Wali

Anza na wali, kwa sababu ndio unaochukua muda. Mchele wa Kyela unastahili sifa yake, harufu yake peke yake ni nusu ya chakula, na ukipoa kidogo unashikamana kiasi cha kuchoteka vizuri pamoja na sosi. Wa Mbarali nao unafaa sana, hasa ukitaka punje zinazoachana zaidi. Kitu cha kumuuliza muuzaji pale Mwanjelwa au Uyole ni kama mchele ni mpya au wa msimu uliopita. Mpya una unyevu wake bado na unakunywa maji kidogo, wa zamani umekauka na unakunywa zaidi.

Osha mara 3 mpaka maji yasiwe meupe sana, loweka dakika 20, chuja. Huku juu kuloweka si anasa: maji yanayochemka kwenye nyuzi 94 yanapeleka joto ndani ya punje taratibu, na punje iliyoloweka tayari ina maji katikati, haibaki na kiini kigumu. Kwa vikombe 2 vya mchele mpya uliolowekwa, maji vikombe 3. Kwa mchele wa zamani, ongeza nusu kikombe. Tia chumvi kidogo sana, sosi ina chumvi ya kutosha. Usitie tui wala mafuta mengi, kwa sababu mafuta yanazuia sosi isishike kwenye wali.

Ukichemka, punguza moto mpaka mwisho, funika kwa mfuniko unaobana, dakika 18 hadi 20. Mfuniko ukiwa unacheza, weka karatasi ya foili chini yake au kitu kizito juu, maana mvuke unaotoroka ni maji uliyoyapima. Kisha zima na uache umefunikwa dakika 10. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa chini na weka machache juu ya mfuniko kama kawaida ya kupalia. Wanaopika wali kwa maji mengi, halafu wakaona juu bado mgumu wakaongeza tena, wanaishia na bokoboko chini na mchele juu. Ukikuta juu hakujaiva, nyunyizia vijiko 3 vya maji yanayochemka, funika, ongeza dakika 5. Usikoroge.

Maganda

Wali ukiwa jikoni, chukua maganda na vichwa, vikaange kwenye sufuria ndogo kwa kijiko 1 cha mafuta mpaka viwe na rangi ya chungwa na jikoni kunukie, dakika 3 hivi. Tia kikombe 1 cha maji, chemsha dakika 10, chuja ukikandamiza vichwa kwa kijiko. Hapo umepata maji yenye ladha ya kamba kuliko kamba wenyewe. Utatumia vijiko 4 tu kwenye sosi. Yanayobaki yagandishe, au yapikie wali wa siku nyingine.

Soya na asali

Soya za madukani zinatofautiana sana. Nyingine ni nyepesi na chumvi kali, nyingine ni nyeusi tii, nzito, zenye rangi ya sukari iliyoungua na utamu ndani yake. Onja tone moja kabla ya kupima. Ikiwa ni chumvi kali, tumia vijiko 2 na uongeze maji kijiko 1. Ikiwa ni ile nzito yenye utamu, punguza asali nusu kijiko.

Asali nayo ichague. Ya nyuki wadogo iache kwa matumizi yake mengine: ni nyepesi, ina maji mengi na uchachu, ni ghali, na motoni haishiki. Ya nyuki wakubwa ndiyo inayofaa. Ile nyeusi ya misitu ya miombo ina ladha nzito inayoelewana vizuri sana na soya, ila ni kali, anza na vijiko 2. Wakati wa baridi asali yetu huganda chupani. Haijaharibika. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, itarudi. Ukiitia ikiwa imeganda, kipimo kinakudanganya.

Changanya soya, asali na maji ya maganda kwenye kikombe. Wanga uuyeyushe peke yake kwa kijiko 1 cha maji baridi, kisha uumimine humo. Ukitiwa moja kwa moja kwenye kitu cha moto unafanya mabonge yasiyovunjika. Limau liweke pembeni mpaka mwisho.

Motoni

Kila kitu kiwe kimekatwa na kupimwa kabla hujawasha. Dakika hizi chache hazikupi nafasi ya kutafuta tangawizi.

Kikaango kizito ndicho kinachofaa. Sufuria nyembamba ya alumini ina sehemu moja ya moto kupita nyingine, na hapo ndipo asali inapoungulia. Kama ndiyo uliyonayo, moto uwe wa kati na mkono usitulie. Pasha mpaka tone la maji likiangukia linatoweka papo hapo, tia vijiko 2 vya mafuta, halafu nusu tu ya kamba, kila mmoja na nafasi yake. Usiwaguse kwa dakika 1 na nusu. Upande wa chini ukiwa na madoa ya kahawia, geuza, acha dakika 1, toa. Rudia kwa nusu nyingine. Watoe wakiwa bado na sehemu ndogo ya katikati isiyogeuka nyeupe kabisa, maana watarudi motoni.

Sikiliza sauti. Ikibadilika kutoka mlio mkali wa kukaanga ikawa ya kutokota, na maji ya kijivu yakaonekana, umewajaza au hukuwakausha. Usiendelee ukitumaini yatakauka. Watoe kamba mara moja, mimina yale maji kwenye kikombe cha sosi, futa kikaango, pasha upya, anza tena na wachache.

Sasa shusha moto uwe mdogo. Kwa jiko la mkaa, inua kikaango kabisa mpaka kipoe kidogo. Tia kijiko 1 cha mafuta, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, koroga sekunde 20. Saumu iliyogeuka kahawia iliyokolea ni chungu, na asali haiondoi uchungu huo. Koroga kikombe cha sosi tena kwa sababu wanga umeshatua chini, mimina, na kwangua yale madoa ya kahawia yaliyoshika kwenye kikaango. Mwanzoni mapovu yanakuwa madogo na mepesi. Baada ya dakika 1 hadi 2 yanakuwa makubwa na mazito. Pitisha kijiko katikati: njia ikibaki wazi kwa kitambo kabla ya kujifunga, imefika.

Rudisha kamba, geuzageuza kwa sekunde 40, ondoa motoni, ndipo limau. Limau likitangulia, uchachu wake unavunja nguvu ya wanga na harufu yake inapotea kwa mvuke. Ndimu ikitumika, punguza, ni kali zaidi.

Kamba aliyejipinda kama herufi C ameiva. Aliyejikunja akawa duara lililofunga amepita, na hakuna sosi ya kumlainisha. Sosi ikiwa nzito mno, kijiko 1 cha maji ya moto kinatosha. Ikiwa nyepesi mno, toa kamba kwanza ndipo uichemshe yenyewe.

Bakuli

Mboga ni za haraka. Tango likatwe jembamba na kuchanganywa na kijiko 1 cha siki, nusu kijiko cha chai cha sukari na chumvi kidogo, likae wakati wali unaiva. Karoti na hoho zipite motoni dakika 1 kabla ya kamba, au zibaki mbichi. Chainizi inanyweshwa maji yanayochemka na kukamuliwa vizuri, maana isipokamuliwa inamwaga maji kwenye wali. Parachichi, la Rungwe au Njombe, ndilo linalotuliza chumvi. Chagua linalobonyea kidogo karibu na kikonyo.

Jioni ya baridi pasha mabakuli kwanza kwa maji ya moto na uyafute. Sosi yenye asali na wanga inakazana haraka ikikutana na bakuli la baridi, na mtu wa mwisho kukaa anakula kitu cha kunata. Pakua wali, kisha kamba na sosi, mboga pembeni, vitunguu majani na ufuta uliokaangwa mkavu juu.

Kabla ya kumpakulia mgeni, muulize kama anakula kamba. Mzio wa kamba unaweza kuwa wa hatari, na huku wapo watu wazima ambao hawajawahi kuwaonja. Kwake tumia mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa, yakatwe vipande vidogo na kupikwa kwenye kikaango kingine dakika 8 hadi 10, pamoja na sosi yake mwenyewe isiyo na maji ya maganda.

Kinachobaki kitenganishe: wali kwenye chombo kipana upoe haraka na uingie friji ndani ya saa 1, kamba kwenye chombo kingine. Kesho yake wali upashwe moto sawasawa na kijiko cha maji. Kamba usiwarudishe kwenye kikaango, watakuwa mpira. Waweke juu ya wali unaofuka mvuke, funika bakuli dakika 3.